Kipepeo wa Mdimu katika Ziwa la Ng'ombe

Mtu akitoka kisiwani Mombasa, akavuka daraja la Nyali na kuifuata barabara iendayo Malindi, hakawii kufika Ziwa la Ng'ombe. Mgeni aliyelisikia jina hilo huenda akatazamia malisho na maji. Atakayoyaona ni nyumba zilizosongamana na vichochoro vyembamba. Hata hivyo, penye ua wenye mdimu au mlimau, yuko mkazi ambaye wapita njia wengi hawayajui maisha yake.

Huyo ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoadoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Jike hutaga mayai moja moja juu ya majani machanga, kwa kuwa watoto wake hula majani ya miti ya jamii ya michungwa.

Atokaye katika yai ni kiwavi mdogo mweusi mwenye mabaka meupe, afananaye sana na kinyesi cha ndege. Hiyo ndiyo salama yake, maana ndege hakitamani kinyesi. Hujivua ngozi mara nne, na mwishowe huwa kijani kama majani yenyewe. Akiguswa, hutokeza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali, adui akachukizwa akamwacha. Kisha hujifunga kijitini kwa uzi mwembamba, akawa bundo, asile wala asitembee. Baada ya majuma mawili au zaidi, bundo hupasuka akatoka kipepeo.

Wenye miche huwachukia viwavi hawa, wala si bure, kwani mche mdogo waweza kubaki vijiti vitupu. Lakini mti mkubwa huchipua tena. Yafaa basi viwavi waokotwe kwa mkono na kuhamishiwa mti mkubwa, kuliko kunyunyiza dawa iuayo hata nyuki.

Huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi uitwao Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993. Wakulima walifunzwa kufuga vipepeo, mabundo yakauzwa ng'ambo kwa maonyesho, na watu wakapata sababu ya kuutunza msitu wao.

Ziwa la Ng'ombe halina msitu kama ule; mdimu wa uani ndio msitu wake, nao hukatwa nyumba mpya ijengwapo. Basi ajengaye na aubakize japo mmoja. Atapata ndimu za kukolezea samaki, na watoto wake watapata somo mlangoni pao.