Tajiri wa Siku Moja

Asubuhi moja ya mwisho wa Januari, mwaka 2023, mzee mmoja wa Imenti ya Kusini alisimama mbele ya meza katika ofisi ya chifu, si mbali na soko la Nkubu, ameshika fomu ya kuomba basari kwa ajili ya binti yake. Binti huyo alikuwa ameitwa shule ya bweni, na ada yake, pamoja na sare, godoro na sanduku, ilikaribia Sh. 50,000/-. Karani aliandika jina la mzee, kijiji chake, na hesabu ya watoto wake. Alipofika chini ya ukurasa kalamu ikasimama. Mstari ule uliuliza: Mapato kwa mwezi ni kiasi gani?

"Mzee, nikuandikie ngapi?" karani aliuliza kwa heshima.

Mzee alifikiri kitambo, kisha akajibu, "Mwanangu, mapato yetu hayana mwezi. Yana mwaka."

"Na mama naye, kazi yake ni nini?"

"Yeye hana kazi. Yuko nyumbani tu."

Mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, hakusema neno. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kukama ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani, akakata majani, ndipo akavaa nguo zake za kutokea na kumfuata mumewe. Karani akawaambia waichukue fomu nyumbani, wafanye hesabu yao kwa utulivu, wairudishe siku ya Ijumaa.

Jibu la mzee halikuwa la mzaha. Katika nchi ya Meru na Embu, maelfu ya watu wakiulizwa swali lile watajibu vivyo hivyo. Nchi ina rutuba, mvua za vuli hunyesha, mito hushuka kutoka Mlima Kenya, na mikono ya watu si mivivu. Hata hivyo nyumba nyingi hazikosi deni. Mgeni apitaye kwa gari kutoka Embu mjini hadi Meru, akiona migomba na mibuni pande zote mbili za barabara, hawezi kuamini ya kuwa ndani ya nyumba zile pana watu wanaokopa chumvi.

Mzee huyu alirithi mibuni 300 kutoka kwa baba yake, na pamoja na mibuni alirithi imani. Katika siku za ukoloni Mwafrika alikatazwa kupanda kahawa, kwa kuwa masetla walihofia kukosa vibarua, tena walihofia ushindani. Ruhusa ilipotolewa kwa majaribio katika miaka ya 1930, Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 mibuni iliongezeka sana, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenya kahawa kando ya mito. Kisha, mwezi wa Julai 1975, baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda kupita kiasi. Wazee wanaikumbuka miaka ya 1976 na 1977 kama watu wanavyokumbuka arusi. Mabati yalimetameta vilimani, na shule zilijaa.

Lakini mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawanya soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Kenya, iliyokuwa imevuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, ikashuka mwaka hata mwaka mpaka chini ya nusu ya kiasi hicho. Wengine waliiacha mibuni ikamezwa na magugu, wengine wakaing'oa. Mzee huyu hakuing'oa yake. Aliona ya kuwa kung'oa mti wa baba ni kama kubomoa kaburi lake.

Usiku ule, kwenye mwanga wa taa, alifungua daftari la mtoto na kuanza kuhesabu. Mwaka uliopita alipeleka kiwandani kilo 900, yaani kilo tatu kwa kila mti, naye alilipwa Sh. 80/- kwa kilo. Jumla ilikuwa Sh. 72,000/-. Siku alipopokea fedha hizo alijiona tajiri, na majirani nao walimwona tajiri. Lakini chama kilikata Sh. 14,000/- za mbolea na dawa alizokopeshwa. Wachumaji walikuwa wamechuma madebe 70 kwa Sh. 70/- kila debe, nazo ni Sh. 4,900/-, alizokuwa amezikopa. Mwenye duka alifungua daftari lake na kumwonyesha Sh. 21,000/-. Zikabaki Sh. 32,100/-. Akanunua mabati kumi, akachinja mbuzi kwa ajili ya wageni, akamsaidia ndugu yake aliyekuwa mgonjwa. Kabla ya mwezi wa tatu kwisha alikuwa amerudi dukani kukopa sukari.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Kahawa hulipa mara moja au mbili kwa mwaka, lakini njaa huja kila siku, na ada huja kila muhula. Mavuno makubwa huchumwa Oktoba mpaka Desemba. Shule hufunguliwa Januari. Na malipo huja miezi mingi baadaye, kahawa ikiisha kukobolewa na kupigwa mnada Nairobi. Katika nafasi hiyo kati ya jasho na fedha ndimo umaskini hujenga nyumba yake. Anayekopa unga hulipa zaidi kuliko anayenunua kwa fedha mkononi. Na anayebanwa kabisa huuza kahawa ikiwa bado mtini kwa mchuuzi ambaye huja jioni na gari dogo, akalipa nusu ya bei. Mtu huyo hakukosa kazi, tena hakukosa mapato. Kilichomponza ni kwamba mapato yalifika wakati yalipokwisha kuliwa.

Mwanawe wa kwanza, kijana aliyemaliza kidato cha nne na sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, alisikia hesabu hizo akasema, "Baba, tung'oe mibuni yote. Twende tukaone watu wa Mbeere wanavyoishi."

Wiki ile hawakwenda kusikiliza maneno ya watu. Walipanda matatu wakashuka kwa barabara ya Chuka na Runyenjes. Kwanza walikwenda kwa dada wa mzee, aliyeolewa juu ya Kianjokoma, karibu na msitu, kwenye majani ya chai. Huko mkulima hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha mara moja kwa mwaka hupewa bonasi. Shangazi alisema ya kuwa malipo ya mwezi ni madogo lakini hayampi aibu dukani. Bonasi nayo, alisema akicheka, huwafanya wanaume wa kule kuwa matajiri wa siku moja kama wale wa kahawa, na baa za sokoni huijua tarehe yake kuliko makanisa.

Kutoka huko walishuka mpaka Mbeere, kwenye nchi ya joto, ambako zamani watu walitegemea mtama, kunde na mbuzi, na ambako mvua ikikosa hata mmea wa kunde haupatikani. Sasa vilima vya huko vimejaa muguka. Binamu wa kijana alikuwa akichuma na kuuza mara kwa mara, na fedha zilimwingia mkononi jioni ile ile. Alikuwa na simu nzuri na pikipiki yake mwenyewe. Kijana alimtazama baba yake kana kwamba kesi imekwisha.

Lakini njiani walikutana pia na watu wa namna ya tatu, nao ni wale ambao hawakuulizwa na mtu. Walikuwa vibarua kutoka Tharaka, waume kwa wake, ambao ukame huwapandisha juu kila msimu kuchuma kahawa na chai za wengine. Hulipwa jioni kwa debe au kwa kilo, na siku ya mvua kubwa au ya ugonjwa hawalipwi. Mzee alikumbuka ya kuwa madebe yake 70 yalichumwa na mikono kama ile, na ya kuwa alipokosa fedha aliwaambia wangoje. Aliona haya, akanyamaza mpaka Nkubu.

Usiku wa Alhamisi kijana alirudia shauri lake la kung'oa. Ndipo mama akainuka, akaenda chumbani, akarudi na vitabu vidogo viwili vya ushirika wa maziwa, vimefungwa kwa kamba. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Na hizi nazo mhesabu."

Wakahesabu. Alikuwa akiuza lita nne kila siku kwa Sh. 45/-, yaani Sh. 5,400/- kwa mwezi. Chakula cha ng'ombe, chumvi na dawa vilikula Sh. 1,500/-, zikabaki Sh. 3,900/-. Ndizi alizopeleka sokoni zilimpa kama Sh. 1,200/- kwa mwezi. Jumla Sh. 5,100/-. Kisha wakatoa gharama za mbolea na uchumaji katika fedha za kahawa, zikabaki Sh. 53,100/-, wakazigawanya kwa miezi kumi na miwili. Ikawa Sh. 4,425/- kwa mwezi.

Mzee aliitazama karatasi muda mrefu. Yule aliyemwambia karani ya kuwa hana kazi ndiye aliyekuwa akileta zaidi ya nusu ya mapato ya nyumba ile. Tena kwa muda wa miezi kumi hivi ya kukamua, fedha zake zilifika kila mwezi bila kelele, zikanunua mafuta ya taa, sabuni na kalamu. Watu hawakuzihesabu kuwa mapato kwa sababu hazikuja na karamu.

Siku ya Ijumaa walirudi kwa chifu. Mzee alimwomba karani aandike, mahali pa mapato: Sh. 9,525/-. Na mahali pa kazi ya mama alisema waziwazi, watu wakisikia, "Andika mkulima na mfugaji." Basari waliyopata haikutosha hata muhula mmoja. Lakini ushirika wa maziwa ulikubali kulipa shuleni sehemu ya ada na kuikata kidogo kidogo katika maziwa ya mama, na binti akaripoti shule siku ya nne baada ya wenzake, godoro kichwani.

Kuhusu mibuni, mzee na kijana walipatana mahali pa katikati. Mibuni 100 iliyochoka iliondolewa, pakapandwa majani ya ng'ombe. Ile 200 iliyobaki inabadilishwa kidogo kidogo kwa kupandikizwa Ruiru 11, mbegu iliyotolewa mwaka 1985, na Batian, iliyotolewa mwaka 2010, ambazo hustahimili chulebuni na kutu ya majani, hata dawa hupungua. Muguka hawakupanda. Kijana alinung'unika, lakini mwezi wa Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Ingawa Mahakama Kuu huko Embu iliisimamisha amri hiyo, kijana alijionea jinsi soko la jioni linavyoweza kufungwa asubuhi. Watu wa Nyambene walikwisha kulijua jambo hilo katika miraa, Uholanzi ilipowafungia mlango mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014.

Basi msomaji ambaye ni mkulima, na karani mwenye shamba nyumbani, wote wawili wana haja ya kulijibu swali la fomu ile kabla ya kuulizwa. Mapato ya mwaka ni mazuri kwa kujenga na kusomesha, lakini hayafai kulisha. Mapato ya mwezi hulisha. Mapato ya siku hutuliza haja ya siku, nayo yana hatari za kila siku. Nyumba yenye namna moja tu ya mapato husimama kwa mguu mmoja. Tena fedha za mwaka zinapofika, heri zigawanywe kwa miezi kumi na miwili siku ile ile, na fungu la kila mwezi liwekwe katika chama cha akiba, kabla mbuzi hajachinjwa. Na wachumaji walipwe kwanza, kwa maana jasho lao halijui mnada.

Jambo la mwisho ni hili: kabla mtu hajasema ya kuwa nyumbani kwake fulani hana kazi, na amwulize kwanza aliamka saa ngapi. Haba na haba hujaza kibaba, na mara nyingi kibaba hicho hujazwa na mkono usiotajwa katika fomu.