Vitabu Viwili Mezani

Katika mji wa Tabora alikuwako msichana wa darasa la saba, mjukuu wa fundi wa gari la moshi. Hata siku ya kufunga shule, mwalimu akamwita, akaweka mezani vitabu viwili vya maisha ya watu, akasema, "Chagua kimoja, mwanangu. Cha pili atakichukua mwenzio."

Kimoja kilikuwa cha Alexander Mackay, injinia wa Uskoti. Mwaka 1877 yeye na watu wake walipasua njia kutoka Saadani pwani hata Mpwapwa, yapata maili 230, ili magari ya ng'ombe yapite badala ya wapagazi. Njia ikawa tayari. Lakini mbung'o wakawauma ng'ombe, nao wakafa. Inzi mdogo akaishinda hesabu ya injinia, na mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Baadaye huko Uganda Mackay alichonga herufi za mti ili apige chapa vitabu. Homa ilimwua kusini ya ziwa Nyanza mwaka 1890, naye hajatimiza miaka 41.

Msichana akakishika upesi. Alipenda magurudumu kuliko nyimbo, na wenzake walimcheka. Babu yake alizoea kumsimulia jinsi reli ilivyofika Tabora mwaka 1912, ikawapokea wapagazi mizigo yao.

Kile cha pili, Wasifu wa Siti binti Saad, alichokitunga Shaaban Robert, alikifungua kwa adabu tu. Kumbe! Baba yake mwimbaji huyo alikuwa Mnyamwezi. Na binti alipozaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, aliitwa Mtumwa. Alikuwa akitembea na vyungu vya mama yake akivinadi, na sauti ikimtangulia njiani. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, akaimba kwa Kiswahili, na santuri zake zikauzwa Afrika Mashariki. Sauti ile yasikika hata leo.

Mnyamwezi! Msichana alijua kwamba watu wa kwao walishuka pwani na misafara, na wengine hawakurudi. Lakini hakupata kufikiri kwamba huko walizaa watoto.

"Basi?" akauliza mwalimu.

"Naomba karatasi kwanza, Mwalimu."

Akaketi kizingitini, akanakili ukurasa wenye habari za baba yake Siti, hata kengele ikalia. Kisha akamrudishia mwalimu kitabu kile, akamtwaa Mackay kwapani, akaenda zake nyumbani.