Bure ya Venmo, makato ya M-Pesa

Chakula kikiisha kwenye mgahawa wa Minneapolis au Houston, watu sita wa meza moja hawahangaiki kutafuta chenji. Mmoja hulipa bili yote kwa kadi yake, wengine wakashika simu, na kabla mhudumu hajarudi na risiti kila mtu ameshamrudishia fungu lake kwa Venmo, na kwenye nafasi ya maelezo kaweka kipicha cha piza. Hakuna aliyekatwa hata senti. Mkenya au Mtanzania aliyeingia Marekani mwezi uliopita huona jambo hili kama la kwao kabisa. Si ametoka nchi ambako pesa zimekuwa zikirushwa kwa simu tangu Venmo haijazaliwa? Kisha anajaribu kujiunga.

Kwanza anatakiwa awe na namba ya simu ya Marekani. Halafu akaunti ya benki ya Marekani, au kadi iliyofungwa kwenye akaunti hiyo. Akitaka kuitumia huduma vizuri, ataombwa athibitishe yeye ni nani. Mgeni ambaye bado anangoja karatasi zake hujikuta akilipa mgawo wake wa chakula kwa noti, mezani, mbele ya watu ambao hawajashika noti wiki nzima.

Sababu iko kwenye asili ya huduma yenyewe. Venmo ilianzishwa mwaka 2009 na Andrew Kortina na Iqram Magdon-Ismail, marafiki waliowahi kukaa chumba kimoja Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kisa chao kinajulikana: mmoja alimtembelea mwenzake New York akasahau pochi, ikabidi baadaye amlipe kwa hundi, wakajiuliza kwa nini jambo dogo vile lisifanyike kwa simu. Shida waliyoitatua ilikuwa ya watu wawili ambao wote wana benki na wamechoshwa na hundi. Kampuni ya malipo ya Braintree iliinunua Venmo mwaka 2012 kwa dola milioni 26.2, na mwaka uliofuata PayPal ikainunua Braintree kwa dola milioni 800.

M-Pesa ilianza na shida nyingine. Majaribio ya mwaka 2005 nchini Kenya yalilenga kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Walipopewa, wakopaji wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom ikaizindua rasmi Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Mwaka mmoja kabla ya uzinduzi, ni takriban robo tu ya Wakenya watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Usingeweza kuwataka waunganishe akaunti ya benki ambayo hawana. Ilibidi apatikane mtu wa kupokea noti mkononi na kuzigeuza kuwa salio, na upande wa pili mtu wa kuligeuza salio kuwa noti. Mtu huyo ni wakala. Kenya peke yake ina mawakala wa M-Pesa zaidi ya laki mbili, na kila mmoja anakodi kibanda, anatafuta floti, na anaenda benki kila mara kusawazisha mizani yake.

Makato ya nyumbani yanatoka hapo kwa sehemu kubwa: kuna mtu wa kulipwa kibandani. Marekani mtu huyo hayupo, kwa hiyo halipwi. Na pale anapohitajika, ada hujitokeza hukohuko: Cash App, mshindani wa Venmo, humruhusu mteja kuweka noti kwenye maduka kama Walgreens na 7-Eleven, na kila anapoweka hukatwa dola 1. Huyo ni wakala, hata kama hakuna anayemwita hivyo.

Lakini kwa wanaokidhi masharti, Venmo ni nafuu kweli. Ukimtumia mtu dola 20 kutoka benki, zinafika dola 20. Zelle, ambayo ni mali ya mabenki makubwa saba na ilizinduliwa mwaka 2017, nayo haikati kitu, na mwaka 2024 ilipitisha zaidi ya dola trilioni 1. Venmo hujilipa pembeni: anayetuma kwa kadi ya mkopo hukatwa asilimia 3, mfanyabiashara hukatwa asilimia 1.9 na senti 10 juu yake, na asiyetaka kungoja siku moja hadi tatu za kazi ili salio liingie benki hutoa asilimia 1.75 liingie papo hapo. Ukiangalia vizuri, anayelipia haraka ni yule aliyebanwa na kodi ya nyumba, na anayengoja bila wasiwasi ni yule mwenye akiba.

Nyumbani ubaguzi huo hauhitaji kuangaliwa vizuri, umebandikwa ukutani kwenye karatasi ya viwango. Kwa viwango vya Kenya, kutuma shilingi 150 hukatwa shilingi 7, karibu asilimia 5 ya pesa yenyewe. Kutuma shilingi 50,000 hukatwa 108, yaani kama sehemu ya tano tu ya asilimia 1. Mama anayetumiwa 1,000 kijijini huwa amegharimiwa 13 ya kutuma, na akienda kwa wakala anakatwa 29 ya kutoa. Ndiyo maana Afrika Mashariki nzima kuna adabu ya kutuma na ya kutolea: kumtumia mkweo shilingi kamili bila ya kutolea ni ubahili unaoonekana hadi kwenye meseji.

Serikali nazo zimeona pesa inapopita. Kenya ilipandisha ushuru wa bidhaa kwenye ada hizi kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023. Tanzania ilikuja na tozo ya miamala Julai 2021, ikifikia shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa, na kelele zilizofuata si za kusahaulika. Watu walirudia kumpa dereva wa basi bahasha ya pesa. Tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma. Hakuna programu ya Marekani iliyowahi kujaribiwa na serikali namna hiyo.

Lakini kuna jambo ambalo kwalo Marekani, pamoja na utajiri wake, imeachwa nyuma. Mwenye Cash App hawezi kumtumia mwenye Zelle moja kwa moja. Kikundi cha marafiki kumi hulazimika kukubaliana kwanza kitumie ipi, na wengi huishia kuwa na zote tatu, pamoja na Venmo. Tanzania ililimaliza suala hilo kuanzia mwaka 2014, pale Tigo, Airtel na Zantel zilipofungua njia kati yao, Vodacom ikajiunga baadaye. Kenya ilifuata mwaka 2018. Muuza mchicha wa Tandale hajali mteja wake ana laini gani.

Upande wa faragha, Venmo ina kituko ambacho mtu wa pwani angekiita kujianika. Miamala ya watumiaji ilikuwa ikionekana hadharani bila wao kuchagua: nani kamlipa nani, lini, na kwa maelezo gani. Kiasi tu ndicho kilichofichwa. Mwaka 2018 mtafiti Hang Do Thi Duc alionyesha kwamba aliweza kukusanya miamala zaidi ya milioni 207 ya mwaka mmoja, akafuatilia humo maisha ya watu wasiomjua, hadi ugomvi wa wapenzi. Mei 2021 waandishi wa BuzzFeed News waliipata akaunti ya Rais Joe Biden kwa muda usiofika dakika 10. Venmo ikauondoa ukurasa wa dunia nzima miezi miwili baadaye, lakini orodha za marafiki ziliendelea kuwaponza wakubwa: mwaka 2025 jarida la WIRED liliikuta ya Mike Waltz, wakati huo mshauri wa usalama wa taifa, ikiwa wazi.

Nyumbani haya hayapo, ila kuna mengine. Aliyelipa kwa M-Pesa dukani kwa miaka mingi alimwachia muuzaji jina lake na namba yake ya simu, na wanawake wengi wanajua maana ya kupokea meseji ya "mambo" usiku kutoka kwa mtu aliyewauzia mkaa mchana.

Kwenye utapeli ndipo nchi hizi zinapofanana hadi kuchekesha. Hila maarufu ni ileile: "Samahani, nimekutumia pesa kimakosa, naomba unirudishie." Kenya, mara nyingi pesa haikutumwa kabisa, kilichotumwa ni meseji ya bandia iliyoiga ya M-Pesa, na anayerudisha bila kuangalia salio anatoa za kwake. Marekani pesa huingia kweli, lakini imetoka kwenye kadi iliyoibwa. Ukishairudisha kutoka salio lako safi, mwenye kadi analalamika, ule muamala wa kwanza unafutwa, na wewe unabaki na deni. Hila moja imebadilishwa kufuata mfumo: nyumbani pesa ikishaingia imeingia, kwa hiyo tapeli anaighushi meseji, Marekani pesa iliyoingia inaweza kuvutwa nyuma, kwa hiyo tapeli anaidanganya benki. Watanzania wana toleo lao fupi zaidi, "ile hela tuma kwenye namba hii", ambalo linamvizia yeyote aliyekuwa njiani kulipa kodi siku hiyo.

Nani anamlinda aliyetapeliwa? Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 kuhusu uhamishaji wa fedha kielektroniki inamlinda ambaye akaunti yake imeingiliwa bila idhini. Aliyedanganywa akabonyeza mwenyewe huambiwa aliidhinisha. Desemba 2024 shirika la serikali la kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha liliwashtaki waendeshaji wa Zelle na mabenki matatu, likidai wateja walipoteza zaidi ya dola milioni 870 katika miaka saba. Machi 2025, chini ya utawala mpya, kesi ikaondolewa. Uingereza imekwenda njia nyingine: tangu Oktoba 2024 mabenki yanatakiwa kumrudishia aliyetapeliwa hadi pauni 85,000.

M-Pesa haina ukarimu wa Uingereza, lakini ina vitu viwili ambavyo Venmo ingefaa kuviiga. Kabla pesa haijatoka, huonyeshwa jina la mpokeaji lililosajiliwa kwa kitambulisho, wakati Venmo huonyesha jina na picha ambavyo mtu amejichagulia. Na Mkenya aliyekosea namba hupeleka ile meseji ya muamala kwenda 456 kuomba pesa irudishwe. Irudi au isirudi, inategemea kama aliyepokea hajaitoa. Na kama alikuwa na deni la Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, pole sana: pesa yako imeshalipa deni la mtu usiyemjua.

Kwa walio ughaibuni mifumo hii miwili hukutana kwenye msiba. Mtu akifariki Dallas na familia inataka kumsafirisha, kundi la WhatsApp hujaa ndani ya saa moja: namba ya Zelle ya mweka hazina, jina la Cash App, na namba ya M-Pesa kwa walio Nairobi au Arusha. Venmo na Zelle hazitumi moja kwa moja kwenda M-Pesa, kwa hiyo mweka hazina hukusanya huku, kisha hupitisha kwa Sendwave, Remitly au WorldRemit hadi kwenye simu ya shangazi. Njia hiyo si ndogo. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, zaidi ya nusu kutoka Marekani. Nyingi ya programu hizo hutangaza ada ndogo au sifuri na kujilipa kwenye bei ya kubadilishia dola, kwa hiyo cha kulinganisha ni shilingi zitakazofika. Na tangu Januari 2026 anayetuma kwa noti taslimu kutoka Marekani hutozwa kodi ya asilimia 1, ambayo anayetuma kutoka benki au kwa kadi ya benki haimgusi. Asiye na benki kalipishwa tena.

Mweka hazina awe macho kwenye Venmo: mchangiaji akiweka alama kwamba anacholipia ni bidhaa au huduma, rambirambi inakatwa asilimia 2.99 na kuhesabiwa kama biashara. Ibaki kwenye marafiki na familia, na ukurasa uwekwe faragha.

Kwa jumla, M-Pesa ndiyo iliyoundwa kwa ajili ya mtu yeyote, na Venmo iliundwa kwa ajili ya walioingia benki tayari. Kinachoiangusha M-Pesa ni bei kwa mtumaji mdogo, na hapo kisingizio cha wakala hakitoshi, kwa sababu pesa nyingi siku hizi hutoka simu moja kwenda nyingine bila kugusa kibanda. Kenya yenyewe ilishaonyesha kwamba inawezekana. Kuanzia Machi 2020, wakati wa korona, kutuma hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure, na watu walituma zaidi. Januari 2021 ada zikarudi, isipokuwa kwa shilingi 100 kushuka chini. Benki Kuu na Safaricom wairudishe ile 1,000.