Njia ya Lumpkin

Tuliondoka Clarkston saa saba mchana, mimi na Mama wa kamati ya mfuko wa dhamana, tukashika barabara kuu ya 85. Mama ni Mkongomani wa Uvira. Alifika Georgia akiwa mkimbizi, leo ni raia wa Marekani, na ndiye aliyetia sahihi fomu za mdhamini. Michango ya misiba na arusi nimeizoea. Huu wa kumtoa mtu kizuizini ulikuwa wa kwanza kwangu.

Njiani akanifungulia hesabu. Sheria ya Marekani imeweka kiwango cha chini cha dhamana ya uhamiaji: dola 1,500. Juu hakuna kikomo. Kijana wetu, Mkenya, alikuwa amepangiwa 7,500, nazo hulipwa zote kwa mkupuo. Asiyenazo hubaki ndani, au huangukia mikononi mwa kampuni za dhamana, ambazo hutoza ada isiyorudi. Nyingine zimewahi kuwafunga wateja kifaa cha kuwafuatilia mguuni na kuwatoza kila mwezi. Na kesi hizi za uhamiaji si za jinai! Sheria ya nchi hiyo yenyewe inasema kizuizi cha uhamiaji si adhabu. Jaji akishasema mtu anaweza kungojea kesi yake nyumbani, kumshikilia kwa sababu ya ufukara ni dhuluma, na sioni jina lingine la kuliita jambo hilo.

Aliye ndani hapewi wakili na serikali. Amtafute mwenyewe, kwa simu, kutoka porini.

Fedha za mfuko, hata hivyo, hazitolewi zikapotea. Mwenye kesi akihudhuria vikao vyote mpaka mwisho, mdhamini hurudishiwa fedha zake, nazo humtoa mwingine. Mama anapenda kusimulia habari ya Juni 2018: mke na mume wa California walianzisha mchango kwenye Facebook wakitaka dola 1,500 tu, za kumtoa mzazi mmoja aliyetenganishwa na mtoto wake mpakani. Zikapatikana zaidi ya milioni 20, zikaenda kwa shirika la RAICES la Texas.

Baada ya Columbus tukaingia barabara ya 27, misonobari huku na huku. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 891 mjini Lumpkin. Kituo cha kizuizi cha Stewart, cha kampuni ya CoreCivic, kinaweza kulaza karibu 2,000. Mahakama imo humohumo ndani ya uzio. Nilitafuta kituo cha basi kwa macho, sikukiona. Jamaa wanaotoka mbali kuja kutazama watu wao wangelala wapi, kama si El Refugio, nyumba iliyofunguliwa mjini humo mwaka 2010 ili kuwapokea bure?

Kijana alitoka giza likiwa limeshaingia, amevaa kaptula na fulana aliyokamatwa nayo wakati wa joto, alipokuwa akiendesha gari bila leseni. Sasa ilikuwa Desemba. Mama akamvisha koti.

“Mama, ni nani amenilipia?”

“Watu.”

“Watu gani? Nitawalipa aje?”

“Ukiitwa kortini, uende. Ukikosa siku moja, pesa zimepotea, na anayengoja nyuma yako atabaki mule ndani. Na tukifika, tunajaza fomu ya anwani yako mpya. Una siku 5 tu.”

Usukani nikaushika mimi. Kijana alikula wali wote uliokuwa kwenye bakuli, kisha akaulizia Mhondurasi aliyelala naye chumba kimoja: naye atalipiwa lini? Hapo Mama alieleza polepole. Yeye kijana aliingia kwa ndege, na viza ya masomo, ndiyo maana jaji alimsikiliza. Mwenzake alivuka mpaka kwa miguu. Septemba 2025, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua kwamba walioingia bila kukaguliwa hawana haki ya kuomba dhamana kwa majaji wa uhamiaji. Kwa watu hao mfuko unaweza kuwa na fedha tele na mlango usifunguke. Mawakili wamelipeleka suala hilo katika mahakama za shirikisho, na wapo majaji huko walioamuru watu wasikilizwe.

“Jina lake kamili unalijua?”

Alilijua. Mama akaliandika nyuma ya bahasha, akamwachia wakili ujumbe kabla hatujafika Columbus.