Sababu ya Kwenda Mlimani

Fomu ya kuombea nafasi ya chuo kikuu huwa na mistari miwili ya kueleza sababu za kuchagua chuo, nayo aghalabu hujazwa maneno ya adabu tu. Mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Mji wa Kale, Mombasa, aliyeomba kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1990, aliandika kwamba chuo hicho kina sifa na kwamba hapo Kiswahili hufundishwa kwa Kiswahili. Yote mawili yalikuwa kweli. Hata hivyo, siyo yaliyomvusha mpaka, ilhali kwao Kenya vyuo vilikuwapo.

Sababu yenyewe ilikuwa neno moja: mtele. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Mtoto huyu, ambaye nyumbani hakusikia lugha nyingine, akawa anarudishiwa insha zilizojaa wino mwekundu. Mtele ulikatwa ukaandikwa mchele, mato, macho, ndia, njia. Waliojifunza Kiswahili darasani walimpita kwa alama. Mwalimu alitimiza wajibu wake, hapana shaka. Lakini mtoto alijua kuwa kilichokatwa ni kauli ya mamake. Alipouliza ni nani aliyeamua hivyo, alijibiwa: kamusi. Nayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya mwaka 1981, ilitungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili huko Mlimani, Dar es Salaam. Akaazimia kuifuata huko huko.

Siku za mwanzo bwenini alimwita mwenzake, "Ndoo!" Mwenzake akamletea ndoo ya maji.

Katika masomo ya fonolojia alielezwa jambo ambalo shuleni hakuna aliyelitamka: t ya mato si ch iliyoharibika. Ni t ya meno, ambayo Kimvita huitenga na t ya ufizi, na tahajia sanifu haina alama ya kuzitofautisha. Maktabani alikutana na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, iliyoegemea kauli ya Mombasa. Kumbe kulikuwa na wakati ambapo kwao ndiko kulikokuwa kipimo.

Lililomtikisa zaidi ni lile la mwaka 1928. Mkutano ulioichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu haukufanyika Dar es Salaam, wala Unguja, bali Mombasa. Kamati ya Lugha iliundwa baadaye, mwaka 1930. Alikuwa amesafiri kwenda kuitafuta baraza iliyokaa mjini kwao, miaka mingi kabla yeye hajazaliwa.

Haifai kudhani kwamba baada ya hapo aliukataa usanifishaji. Shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilihitaji vitabu vya namna moja, na anayepinga lahaja iliyochaguliwa hana budi kusema vingechapwa kwa lahaja ipi. Alichokidai katika tasnifu yake ni kidogo zaidi, na pengine kigumu zaidi: mwalimu anapokata neno la lahaja aandike pembeni kuwa ni la Kimvita, asiandike kuwa ni kosa.

Likizo ilipofika alimsimulia mamake habari za mkutano ule. Mama, aliyekuwa akipeta kwa ungo, hakuinua kichwa.

"Nao walipokuwa hapa," akauliza, "wakila mtele wa nani?"