Bima, Akiba na Mgonjwa wa Ugenini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, nyumba nyingi za pwani yetu zina mtoto, ndugu au mume aliyeko Arabuni kwa kazi. Kila mwezi twangoja khabari zake, na twangoja alichojaaliwa kuleta. Lakini ni wachache wetu wanaomuuliza: ukiugua huko, nani atakulipia? Leo nataka kulizungumza swali hilo, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2009 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa akifanya kazi Dubai katika duka la vipuri vya magari. Usiku mmoja alinipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema, alhamdulillahi. Mjomba, hapa dukani tumeletewa bima ya matibabu. Tajiri atatoa nusu, na nusu tukatwe katika mishahara. Niingie, au niweke pesa zangu mwenyewe?"

Nilimjibu pale pale. Nikamwambia kuwa bima ina gharari: walipa kitu kinachojulikana, na hujui utapata nini wala lini. Yafanana na kamari, na fedha zake huzungushwa katika riba. "Jiepushe nayo," nikasema. "Weka akiba yako, na umtegemee Mola wako." Akajibu, "Nimesikia, mjomba." Nami nikalala, nikidhani nimetimiza wajibu wangu.

Kijana alitii. Mwezi wa kwanza akaweka dirham 200, na wa pili, na wa tatu. Kisha paa la mamake likavuja, akatuma. Ndugu yake akaoa, akatuma. Mimi mwenyewe nilimwomba mikeka ya madrasa, akatuma. Mwaka uliofuata kidole tumbo kilimpasukia, na usaha ukaenea tumboni. Siku hiyo akiba yake ilikuwa dirham 600. Alipasuliwa mara mbili, akalazwa siku 19, na hesabu ya hospitali ikafika dirham 43,000.

Dada yangu aliuza shamba la minazi la Kikambala alilorithi kwa baba yetu. Halikutosha. Ijumaa moja nikasimama msikitini kuomba mchango, na watu wakatoa, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Walipotawanyika, mzee anayeshika daftari la chama chetu cha maziko alinijia akaniuliza kwa adabu: "Shekhe, sisi katika chama hutoa kila mwezi, na hakuna ajuaye nani atakufa mbele. Asiyefiwa harudishiwi chake, wala hadai. Mbona hiki waona ni halali, na bima ya yule kijana uliikataza?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikafungua vitabu, na nilichokikuta kiliniaibisha. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jedda mwezi wa Desemba 1985, likaamua kuwa mkataba wa bima ya biashara wenye malipo maalumu una gharari kubwa inayouharibu, na kwa hivyo ni haramu. Hilo nililijua. Lakini uamuzi ule haukuishia hapo. Ulisema kuwa mkataba wa badala, unaokubaliana na misingi ya Kiislamu, ni wa bima ya ushirika iliyojengwa juu ya kuchangiana na kusaidiana, na ukaziita nchi za Kiislamu zifanye juhudi ya kuianzisha. Mimi nilishika nusu ya kwanza, nikamwachia kijana wa watu alipe gharama ya nusu ya pili. Isitoshe, wako wanavyuoni wakubwa, kama Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria, ambao tangu mwaka 1961 walitetea kuwa bima kwa asili yake inajuzu. Sisemi kuwa rai hiyo ndiyo yenye nguvu. Nasema kuwa jambo lenye khilafu ya wanavyuoni halijibiwi kwa simu ya dakika mbili.

Bima ya ushirika, iitwayo takaful, ni lile daftari la mzee wetu lililokuzwa. Mchango hutolewa kwa nia ya kusaidiana. Mfuko ni wa wachangiaji wenyewe, na msimamizi hupata ujira wake. Kinachobaki baada ya kulipa wenye misiba hakiwi faida ya kampuni, na fedha haziwekwi katika riba. Sudan ilianzisha kampuni ya namna hii mwaka 1979, na kwetu Kenya ilianza mwaka 2011. Na asili ya kuchangiana si ngeni. Mtume (s.a.w.) aliwasifu Ashaari, watu wa kabila la Abu Musa, kwa kuwa chakula kilipowapungukia walikikusanya chote katika nguo moja, wakagawana sawa.

Sasa mtu atauliza: kwani akiba ina ubaya gani? Haina ubaya. Pesa ni zako, usipougua zabaki zako, na hakuna karani wa kukwambia kuwa ugonjwa wako haumo katika mkataba. Ubaya ni kudhani kuwa akiba ya mtu mmoja yaweza kubeba mzigo wa watu mia. Tuseme vijana 100 kila mmoja ameweka dirham 1,000 kwa mwaka, na wawili kati yao wakapatwa na maradhi ya dirham 40,000 kila mmoja. Kama kila mtu ameweka peke yake, wale wawili wameangamia, kila mmoja na elfu yake mkononi. Kama wamechanga pamoja, wote wawili wametibiwa, na dirham 20,000 zimebaki.

Basi anayetaka kutegemea akiba ajiulize mambo matatu kabla ya kusema kuwa amejitosheleza. Je, pesa hizo zipo sasa hivi, au zipo katika nia tu? Je, zatosha kulazwa hospitalini huko aliko na kumrudisha nyumbani? Je, zimetengwa, hata harusi na paa lisizifikie? Na zikifika nisabu zikapitiwa na mwaka, asisahau zaka yake. Asiyekuwa na majibu hana akiba. Bima yake ni nyumba ya mamake, ila mama mwenyewe hajaambiwa.

Wala tusiseme kuwa huko ndiko kutawakali. Yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake kwa kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Siku hizi khiari yenyewe imepungua. Saudia ilitunga sheria ya bima ya afya ya ushirika mwaka 1999, Abu Dhabi ikaweka yake mwaka 2005 na Dubai mwaka 2013, sisi tumekwisha uza shamba. Tangu Januari 1, 2025 sharti hilo limewafikia wafanyakazi wa kampuni na wa majumbani katika Imarati zilizobakia, na kibali cha kukaa hakitolewi wala hakihuishwi bila ya bima. Ya chini kabisa iliwekwa dirham 320 kwa mwaka, na alipaye ni mwajiri. Aliyelazimishwa na sheria hana lawama. Lakini wako walio nje ya ua huo: mzazi aliyekwenda kuzuru, aliyeacha kazi na hajapata nyingine, na aliyemalizikiwa na kibali akajificha. Hao ndio wa kuulizwa khasa.

Na mwenye bima asilale. Ausome mkataba wake, au asomewe. Aulize: sukari na presha niliyokuja nayo imo? Hospitali gani zakubaliwa? Fungu gani nitatoa mfukoni? Nikifa, kusafirishwa maiti kumo? Lililo bora, kwa ninavyoona, ni kuyachanganya: homa na jino alipe kwa akiba, na upasuaji auweke katika mfuko wa wengi, wa ushirika kila unapopatikana.

Mpwa wangu alipona, akafanya kazi miaka minne kulipa deni lililobaki. Dada yangu hajanilaumu hata siku moja, na hilo ni zito kwangu kuliko lawama. Siku hizi kijana akiniuliza kuhusu bima, humwambia: "Nipe siku tatu, mwanangu, na niletee huo mkataba." Kisha nami humuuliza ana shilingi ngapi alizozitenga.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu walio mbali, awaepushe na madeni, na atusamehe sisi walimu kwa yale tuliyoyasema kwa haraka. Wallahu aalam.