Sukari, Daftari na Kikao cha Jumapili

Mjukuu wangu aliambiwa alete barua ya LC, baraza la mtaa wetu, kwanza, ndipo fomu yake ya kitambulisho cha taifa ipokelewe. Akaja kuniuliza, "Jaja, LC wako jengo gani mjini?" Amezaliwa Makindye, hapa Kampala, amesoma Makindye, anakaribia miaka 20, na mwenyekiti wa zoni yetu anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, yenye geti jeusi. Nilipomwonyesha geti hilo akauliza swali la pili, na hilo ndilo lililoninyima usingizi: "Anatoza ngapi?"

Hakukosa adabu. Aliuliza kuhusu kitu anachokijua. Kwa rika lake LC ni muhuri: unagonga geti, unatoa pesa, unagongewa karatasi, unaondoka. Mimi nilikuwa katibu wa habari wa zoni hii tangu enzi za RC, kama LC ilivyoitwa zamani. Nimefundisha darasani maisha yangu yote na ualimu ndio ulionilisha, lakini hakuna kazi niliyoipenda kuliko ile ya bure.

Baba yangu alikuwa askari wa polisi. Tulikulia kambini Nsambya, ambako watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kisoga tulicheza na kugombana kwa Kiswahili, lugha ambayo baba zetu waliamrishwa nayo kwenye gwaride. Alipostaafu alinunua kiwanja upande wa Lukuli, mteremko wote ukiwa bado migomba na mihogo. Asubuhi ukifungua mlango uliliona ziwa kule Ggaba. Siku hizi tunaona matangi ya maji juu ya mapaa ya watu.

Kikao cha kwanza ninachokikumbuka kilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, chini ya mfenesi wa jirani. Daftari langu la zamani kabisa linaanza Machi 1987. Dada yangu anashikilia kwamba tulianza mwaka mmoja kabla, kwa kuwa alihudhuria akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, na huyo kijana alizaliwa 1986. Basi pengine lilikuwapo daftari jingine lililopotea. Nisilolisahau ni kwamba siku ile mtu hakuulizwa kabila wala chama. Ukiwa umetimiza miaka 18 na unalala katika zoni hii, wewe ni mjumbe wa baraza. Wagombea walisimama mbele, sisi tukajipanga nyuma yao, na mwalimu mmoja mstaafu akahesabu kwa kumgusa kila mtu begani. Viti vilikuwa 9: mwenyekiti, makamu wake, katibu mkuu, na makatibu wa vijana, wanawake, habari, uhamasishaji na elimu, usalama na fedha. Mimi nilipewa habari kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Lakini habari bila mahali pa kuitolea ni maneno ya mtu mmoja. Mahali petu palikuwa dukani kwa bibi mmoja Mnubi, aliyekuwa na chumba kimoja chenye baraza la saruji kwenye njia panda. Bibi huyo alikuwa ameondoka Kampala mwaka 1979, Idi Amin alipopinduliwa, pamoja na watu wengi wa kabila lake, waliohesabiwa kuwa watu wa Amin, akakaa miaka kadhaa ugenini, akarudi na kukuta mlango wa duka umeng'olewa na rafu zimegeuzwa kuni. Alianza upya kwa chumvi, viberiti na mafuta ya taa yaliyopimwa kwa kikopo.

Harufu ya duka lile sijaikuta pengine. Mafuta ya taa yalitangulia, yakikupokea ungali barabarani. Ukiingia ndani, yalifuata mukene (dagaa) mkavu kwenye gunia, sabuni ya mche iliyokatwa kwa waya, tumbaku ya wazee, na nyuma ya yote hayo udi aliouchoma jioni ya Alhamisi, ambao ulibaki kwenye pazia na kwenye noti hadi Jumatatu. Wanafunzi wangu walipoleta madaftari niliweza kunusa nani alinunua la kwake pale.

Sukari ilikuwa haionekani wakati huo, na ikionekana ilikuwa ya magendo. Mgao halali ulishuka kutoka divisheni hadi parokia, kutoka parokia hadi zoni, na kamati yetu ndiyo iliyoandika orodha ya kaya na kuamua nani augawe. Hapo ndipo baraza letu lilipojaribiwa. Kikao kizima, tangu saa nane mchana hadi giza, kilibishania kama sukari ya serikali inaweza kuwekwa mikononi mwa yule bibi. Yalisemwa maneno mazito. Mzee mmoja aliyefiwa na mtoto katika miaka ile mibaya ya Amin alisimama, akasema hawezi kula sukari iliyopimwa na mtu wa watu wale. Hakuna aliyemzomea. Bibi alikaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, kichwa wima, akisikiliza kila neno.

Kisha mama mmoja muuza matooke aliuliza, "Yupo hapa aliyewahi kupunjwa kwenye mizani yake?" Watu walitazamana. Mwenyekiti akalirudia swali mara mbili kwa Luganda na mara moja kwa Kiswahili. Hakupatikana hata mmoja. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, sukari ikapelekwa dukani kwake. Yule mzee mfiwa aliendelea kumtuma mjukuu wake kuchukua mgao, na mimi nilimwelewa. Baada ya mwaka hivi nilimkuta amekaa kwenye baraza la duka lile lile akinywa chai. Sikuuliza imekuwaje.

Siku ya mgao ndiyo ilikuwa siku yangu. Foleni ilianzia kwenye baraza ikapinda hadi karibu na chemchemi, na mimi nilisimama juu ya kreti ya soda nikisoma. Zamu ya ulinzi wa usiku: nani na nani. Chemchemi itasafishwa Jumamosi, kila nyumba itoe jembe au panga. Watoto wa chini ya mwaka mmoja wapelekwe kuchanjwa. Fulani anadai fulani, shauri litasikilizwa Jumapili. Mapato ya mfuko wa maziko na matumizi yake, hadi shilingi ya mwisho. Nikimaliza nilibandika karatasi kwenye ubao uliopigiliwa ukutani kwa bibi, na aliyechelewa aliisoma pale akinunua chumvi.

Na watu walijibu! Hili ndilo ninalotamani mjukuu wangu alishike. Foleni ilinikatiza: "Mwalimu, hapo kwenye fedha ya maziko rudia." "Mbona jina la ndugu yako halipo kwenye zamu?" Niliporudi nyumbani, pembezoni mwa daftari niliandika maswali yao, na Jumapili kamati iliyajibu mbele za watu. Katibu wa fedha mmoja aliondolewa kwa swali la namna hiyo, lililoulizwa na mwanamke aliyekuja kununua kiberiti. Hatukumwita polisi wala hatukumpeleka mahakamani. Alisimama mbele ya majirani zake, akashindwa kueleza, akaliacha daftari mezani.

Barua tuliziandika pia. Ya safari, ya shule, ya mgonjwa anayehamia kwa ndugu zake. Katibu mkuu aliandika, mwenyekiti akatia sahihi, na mwenye barua akileta karatasi ya kuandikia ilitosha. Sababu ilikuwa nyepesi: tulimjua. Barua ilisema "mtu huyu ni wetu", na tuliweza kuapa kwamba ni wetu.

Mapema miaka ya 90 sukari ikajaa madukani, kila mtu akanunua anapotaka, na nilishukuru kama mama yeyote mwenye watoto. Sikuona kinachoondoka pamoja na foleni. Nilibandika matangazo kwenye ubao ule ule, ila walioyasoma walikuwa wachache, na swali halikuulizwa kwa sauti. Katiba ya 1995 ilikuja, RC ikawa LC, Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikapanga kila kitu vizuri kwenye karatasi. Mtu mwenye bizindaalo (vipaza sauti) juu ya mti akaanza kututangazia vifo, watoto waliopotea na matangazo ya waganga, kwa malipo. Bibi alifariki, Mungu amrehemu. Wanawe waliuza chumba kile. Kikawa kibanda cha kusajili laini za simu, kisha kikavunjwa, na pamejengwa nyumba ya kupangisha yenye ukuta hadi barabarani.

Halafu ikaja miaka ambayo hata leo naisema kwa hasira. Tulipiga kura ya LC1 mwaka 2001, na hatukupiga tena hadi Julai 10, 2018. Miaka 17! Mwaka 2007 mahakama ilishasema kwamba kamati zile, zilizochaguliwa kabla ya vyama vingi, hazikuwa halali tena, na bado wenyeviti wakaendelea kugonga mihuri. Katika zoni yetu wajumbe walikufa, wakahama, wakazeeka, na viti vyao havikujazwa. Mtoto aliyezaliwa wakati ule alikua akimwona mwenyekiti peke yake, bila kamati na bila kikao. Huyo ndiye mjukuu wangu.

Mwaka 2011 KCC, baraza la jiji, ikaondoka, KCCA, mamlaka ya jiji, ikaingia na Kampala ikawa chini ya serikali kuu. Barabara zilipata lami na taa, na anayekataa hilo hasemi kweli. Mwaka huo huo Makindye ilimchagua Ian Clarke, daktari aliyezaliwa Ireland Kaskazini na kujenga hospitali kule Namuwongo, awe meya wa divisheni, na ninajivunia kwamba wapiga kura wetu walimpima mtu kwa kazi wanayoiona. Lakini zoni ilizidi kunyamaza. Wakubwa waligombana City Hall, sisi tukafuatilia ugomvi wao redioni. Uchaguzi wa 2018 ulitupanga tena mstarini. Muhula huo wa miaka mitano ukaisha 2023, ukaongezwa, ukaongezwa tena.

Agosti 2024 jalala la taka za jiji kule Kiteezi liliporomoka na kuua watu. Wiki zilizofuata magari ya taka yalipotea mtaani kwetu, kavera (mifuko ya plastiki) zikajaa mtaroni, na mvua ya kwanza ikaingiza maji machafu kwenye nyumba za bondeni. Kwenye kundi la WhatsApp la zoni zilitumwa picha nyingi na vikaragosi vya kulia. Hakuna aliyeuliza nani atoe jembe.

Basi nilikwenda na mjukuu wangu kwenye geti jeusi. Mwenyekiti ni kijana niliyemfundisha, mtu wa heshima, na alinipigia goti. Akataja bei ya barua, kisha akainamisha macho. Akanieleza, na nilimwamini, kwamba posho anayopewa na serikali ni shilingi 120,000 kwa mwaka mzima, na karatasi, wino na simu ni vyake. Mjukuu alilipa.

"Chemani," nikamwambia, "kikao cha mwisho kilikuwa lini?"

"Mwalimu, nikiita hawaji. Wenye mageti hawatoki, na wapangaji wanasema wao ni wapita njia."

"Uliwaita ili uwaambie nini?"

Alifikiri. Nikamwambia aanze na mtaro, na fedha zote za barua alizopokea mwaka huu, zisomwe hadi shilingi ya mwisho. Alisema hilo ni gumu. Tumekubaliana Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa tisa, uani kwangu, kwa sababu njia panda hapana pa kukaa. Mjukuu ataandika majina ya watakaokuja na maswali yao. Mwandiko wake si mzuri, lakini nimeshamnunulia daftari.